Mama Anayenyonyesha Asiachwe Peke Yake: Mwongozo kwa Familia na Makanisa

Mtoto anapozaliwa katika parokia zetu, wamama huimba, hupeleka sabuni na vitenge, na siku ya kumleta mtoto mbele ya Bwana kanisa linajaa. Ni desturi nzuri. Lakini kati ya siku ya kutoka maternite na siku hiyo ya furaha kuna wiki kadhaa ambazo mama anahitaji watu zaidi, na mara nyingi ndizo wiki anazobaki peke yake na mtoto, jiko na ndoo ya maji. Katika wiki hizo kunyonyesha kunafaulu au kunaharibika. Tumekusanya hapa mambo ambayo kila nyumba na kila kikundi cha wamama kinapaswa kuyajua.

Saa ya kwanza

Shirika la Afya Duniani (OMS) na UNICEF wanashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, akiwa amelazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Aliyejifungua kwa kupasuliwa naye anaweza kunyonyesha mapema akisaidiwa kumshika mtoto.

Maziwa ya kwanza ni mazito, ya rangi ya njano, na ni machache. Kuna familia ambazo bado huyakamua na kuyatupa, wakidhani ni machafu. Kumbe yamejaa kinga ya kumlinda mtoto na magonjwa. Uchache wake usitutishe, maana tumbo la mtoto siku ya kwanza hutoshewa na kama kijiko kimoja cha chai kwa kila mara. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Katika siku hizo za kungoja, asipewe maji ya sukari wala maziwa ya ng'ombe. Aendelee kuwekwa kwenye ziwa.

Miezi 6 bila maji

Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama tu. Asipewe maji, uji, wala dawa za kienyeji za tumbo. Apewe tu dawa ambazo muuguzi au daktari ameandika.

Neno hili ni gumu kwa wengi, hasa penye joto kama Uvira na Kalemie. Bibi anamwona mtoto analia na kusema ana kiu. Lakini karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo kila anaponyonya amekunywa. Maji tunayompa ndiyo yanayoleta kuhara, na sisi tunaoishi kando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika tunakijua kipindupindu. Tena, maji yakijaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo na maziwa ya mama yanapungua.

Baada ya miezi 6, mtoto aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Uji mtupu wa mihogo hautoshi. Uongezwe soya, karanga au sambaza zilizosagwa, naye apewe pia yai, maharage yaliyopondwa, lenga-lenga na parachichi.

«Maziwa yangu hayatoshi»

Hili ndilo lalamiko tunalolisikia zaidi tunapotembelea nyumba. Mara nyingi maziwa yapo. Mwili hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku, na kunyonya kwa usiku kunasaidia sana maziwa yaongezeke. Kulia peke yake si dalili ya njaa. Tazameni mambo mawili: baada ya siku ya 5, je, anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku? Na je, kilo zinaongezeka anapopimwa? Ni kawaida apungue kidogo siku za kwanza, lakini kufikia wiki ya 2 anapaswa kuwa amerudia uzito aliozaliwa nao.

Angalieni pia jinsi anavyoshika ziwa. Kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, na sehemu kubwa nyeusi inayozunguka chuchu iingie kinywani. Akishika chuchu peke yake, mama ataumia na kupata vidonda, naye mtoto hatashiba. Ziwa likiwa gumu, jekundu na lenye maumivu, mama asiache kunyonyesha. Akiwa na homa pia, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hofu na uchovu mwingi vinaweza kuchelewesha maziwa kushuka. Kwa hiyo baba anayefua nguo, dada mkubwa anayechota maji na jirani anayepika sombe wanasaidia kunyonyesha. Wengine humwambia mama anywe kasiksi ili apate maziwa. Hapana. Pombe hupita ndani ya maziwa na kumfikia mtoto. Mpeni maji safi, uji na chakula cha kutosha.

Mama mwenyewe

Mara nyingi tunauliza habari za mtoto na kumsahau aliyemzaa. OMS inashauri mama abaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha yeye na mtoto waonwe tena mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Hiyo ndiyo huduma tunayoiita CPoN. Asingoje augue ndipo aende.

Mpelekeni haraka, hata usiku, akiwa na damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, degedege, harufu mbaya ukeni, mguu mmoja kuvimba, au kushindwa kupumua vizuri. Mpelekeni mtoto haraka akikataa kunyonya, akiwa moto au baridi kupita kawaida, akipumua kwa haraka, akiwa na degedege, kitovu kikitoa usaha, au viganja na nyayo zikiwa za njano.

Kuna pia ugonjwa wa huzuni. Katika nchi zenye uchumi mdogo, OMS inahesabu karibu mama 1 kati ya 5 anayepata ugonjwa wa moyo na akili baada ya kuzaa, hasa huzuni nzito. Mama analia bila sababu, halali hata mtoto akilala, hana hamu na mtoto wake, au anasema heri afe. Tusimwambie kwamba amekosa imani au ana pepo. Tuombe pamoja naye, na pia tumsindikize kwa muuguzi. Anayesema habari ya kufa asiachwe peke yake hata saa moja.

Mama mwenye virusi vya SIDA, na mama aliyekimbia vita

Mama anayeishi na virusi vya SIDA anaweza kunyonyesha, mradi anywe dawa za ARV kila siku na mtoto afuatiliwe kituoni. Kuchanganya maziwa na vyakula vingine kabla ya miezi 6 kunaongeza hatari.

Katika kambi, mama aliyekonda bado hutoa maziwa mazuri. Tumlishe yeye, naye atamlisha mtoto. Makanisa yanayopokea misaada yasigawe maziwa ya unga na chupa kwa kila mama. Mahali pasipo maji safi wala kuni za kutosha, chupa hizo huua. Mtoto asiye na mama, au ambaye mama hawezi kabisa kunyonyesha, apelekwe kwa wahudumu wa lishe wa kituo cha afya.

Kazi ya kanisa

Binti Farao alimwajiri mama yake Musa amnyonyeshe mtoto na kumlipa mshahara (Kutoka 2). Makanisa yetu pia ni waajiri, yakiwa na walimu, wauguzi na wahudumu wengi wa kike. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama wiki 14 za mapumziko ya uzazi, na anaporudi kazini na bado ananyonyesha, mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yenye malipo. Mkurugenzi wa shule ya kanisa anayemnyima mwalimu saa hiyo anavunja sheria.

Kila parokia inaweza kufanya haya kuanzia mwezi huu:

- Kikundi cha wamama kipange zamu ya wiki 6 kwa kila aliyejifungua: maji, chakula, kufua.
- Mama mmoja mzoefu, pamoja na RECO wa kartie, amtembelee mara kwa mara katika wiki ya kwanza.
- Kanisani patengwe kiti chenye kivuli ambapo mama ananyonyesha bila kuonewa haya.
- Wababa wafundishwe dalili za hatari, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaotoa feza ya usafiri.
- Mabibi waitwe katika mafundisho haya kwanza. Naomi alimpokea Obedi kifuani pake (Ruthu 4), na hadi leo neno la bibi lina nguvu nyumbani kuliko neno la muuguzi.

Zamu hiyo ianze na mama aliyejifungua wiki hii. Mzee wa kanisa amtafute nyumbani kwake kabla ya Jumapili.