Msumari Ulio Chini ya Maji

Ndugu msomaji, najua utajiuliza kwanza: watu wa Nyamitaba na mambo ya vyombo vya maji, wapi na wapi? Sisi ni watu wa milima, wa maharage, wa viazi na wa ng'ombe. Maji yetu ni yale maziwa ya Mokoto, Ndalaga na wenzake watatu, na juu yake tulizoea paka mtumbwi, mti mmoja uliochimbwa kwa shoka. Mtumbwi wa namna ile hauna msumari. Ukipasuka unazibwa, ukioza unakuwa kuni, na habari yake imekwisha.

Lakini mwaka 2024, wakati vita vilipofunga barabara ya kupitia Sake, wengi wetu tulijifunza ziwa kwa nguvu. Ili kufika Goma ilibidi kupitia Minova na kupanda boti ya mbao kwenye ziwa Kivu. Mimi pia nilipita huko. Siku moja, nikingojea nafasi, nilikuta boti imevutwa nchi kavu na kulazwa ubavu. Fundi mmoja alikuwa anaizunguka na nyundo ndogo. Anagonga msumari, anatega sikio, anasogea kwa mwingine. Nikamuuliza: «Papa, unatafuta nini?» Akanijibu bila kugeuka: «Natafuta wale waliokufa.» Halafu akaniita karibu. Msumari mzima ukigongwa unalia. Ule ulioliwa na kutu unanyamaza, na ubao unaouzunguka unakuwa mweusi na laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

Kazi ile ilinishika moyo. Nikaanza kuuliza na kusoma imetoka wapi, na nikakuta inatoka mbali, pwani ya bahari, kule kule kulikotoka Kiswahili chetu.

Tusisahau kwamba lugha hii ilipanda kwetu kwa mguu na kwa tanga. Misafara ilitoka pwani mpaka Ujiji, kisha watu wakavuka ziwa Tanganyika kuingia Manyema. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji, na kumbe ziwani mlikuwa na jahazi tayari, mali ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, aliyekaa kisiwa cha Kasenge, upande wa Kongo. Speke alivuka kwenda kuomba kuikodi, akarudi mikono mitupu. Maneno ya chombo yalikuja na watu wale: msumari, nanga, tanga, usukani. Lakini si yote yaliyopanda mlima. Kule pwani wana neno kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba yenye mafuta. Wana deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa tumbo la chombo. Wana gadi, nguzo za kuegemeza chombo kisianguke kikiwa nchi kavu. Hayo sisi wa Masisi hatukuyapata, sababu hatukuwa na kitu cha kuyatumia.

Sasa, zamani pwani yenyewe haikutumia msumari. Kitabu kimoja cha Wagiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza biashara ya bahari ya Hindi, kinataja mji wa Rapta kwenye pwani yetu, na kinasema jina hilo latokana na vyombo vyake vya kushonwa. Ndiyo, kushonwa! Mbao zilitobolewa kando kando na kufungwa kwa kamba za usumba, lile ganda lenye nyuzi la nazi. Chombo hicho watu wa Lamu walikiita mtepe, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika sababu ya kushona: bahari ina miamba, na chombo cha misumari kikigonga mwamba kinavunjika, ila cha kamba kinajikunja na kupona. Mabaharia wengine walikuwa na hekaya ya mlima wa sumaku ulioko chini ya bahari, unaong'oa misumari yote ya chombo kinachopita. Watu wa elimu waliicheka. Mimi siicheki sana. Yule aliyeitunga alikuwa ameona misumari ikipotea ndani ya maji, akatafuta mwizi.

Mtepe ulikuwa na shida yake. Kamba inaoza, na maji yanaingia saa zote, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kuyafua, na baada ya muda chombo kinashonwa upya. Lakini kamba iliyooza inaonekana kwa macho. Hapo ndipo ilipo tofauti yote.

Msumari ulienea baadaye. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, merikebu zake zilikuwa za misumari ya chuma, na watu wake waliandika jinsi walivyoona vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa. Pole pole mafundi wa pwani, wa Arabuni na wa India wakaushika msumari nao. Wabajuni wa visiwa vya Lamu waliendelea na mtepe hata karne ya 20, kisha nao wakauacha.

Pamoja na msumari ilibidi kuzaliwe desturi mpya, nayo ndiyo niliyoiona Minova bila kuijua jina. Pwani inafanyika hivi. Wanangoja bamvua, ule wakati wa mwezi ambapo maji yanajaa sana na kupwa sana. Chombo kinasukumwa juu ya mchanga maji yakijaa, kinawekewa gadi, na maji yakitoka kinabaki kavu. Wanakwangua makombe na majani ya bahari. Wanapitisha mienge ya makuti chini ya tumbo ili moto uue wadudu watoboao mbao. Halafu fundi anaanza kugonga. Msumari mfu unang'olewa, tundu lake linazibwa kwa kijiti cha mti, maana tundu lililoliwa halishiki tena. Tundu jipya linatobolewa pembeni kwa keke. Msumari mpya hauingii uchi: unazungushiwa pamba iliyolowekwa mafuta chini ya kichwa, ili maji yasifuate njia yake. Wanatazama pia bawaba za usukani, zile zilizofungwa nyuma ya chombo na kukaa majini usiku na mchana. Bawaba ikikatika katikati ya bahari, nahodha ni abiria kama wengine. Mwisho kalafati, mwisho kabisa deheni, na chombo kinangoja maji yarudi.

Ile pamba ya mafuta nilidhani ni kitu kidogo, mpaka nikasoma habari ya Waingereza. Mwaka 1761 walifunika tumbo la merikebu yao ya vita, Alarm, kwa mabati membamba ya shaba ili wadudu wasiile. Walipokuja kuikagua, wadudu hawakuingia, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imekwisha. Ila kuna fasi ambapo karatasi iliyofungia shaba ilisahauliwa kati ya shaba na chuma, na pale msumari ulikuwa mzima. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi yanafanya kama betri, na dhaifu kati yao ndiye anayeliwa. Karatasi tu ilitosha kuyatenganisha. Fundi wa jahazi, yeye, aliuvika msumari wake pamba bila kusoma habari hiyo popote.

Wala tusiseme ni shida ya maskini. Merikebu Sultana ya Seyyid Said wa Zanzibar, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, ilifika New York Aprili 1840 ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman. Haikuwa hata na miaka 10, lakini ilikuwa imechoka kiasi kwamba Wamarekani waliitengeneza katika karakana ya jeshi lao la maji, kwa gharama yao, kabla haijarudi mwezi wa Agosti.

Karibu na kwetu kuna mfano wa meli ya moshi, si ya tanga, lakini nautaja sababu ya kutu. Mwaka 1916 Wajerumani, wakikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen ndani ya Tanganyika. Mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoitoa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji! Yule mfundi na grisi yake alimfahamu adui.

Maji ya ziwa yanakula chuma pole pole kuliko bahari, ni kweli. Lakini upole huo unadanganya. Pwani chumvi inamlazimisha mwenye chombo kukipandisha, na kupwa kwa maji kunamsaidia. Kivu haina kupwa wala kujaa. Ukitaka kuona tumbo la boti lazima uite vijana, uwalipe, na siku hiyo boti haifanyi kazi.

Pale Minova mwenye boti alikuja tukiwa bado tunaongea. Aliuliza paka swali moja: kesho itaingia majini? Fundi akamwonyesha mstari wa misumari ya kubadilisha. Tajiri akasema rangi ianze, misumari itafuata wiki nyingine, sababu abiria anaangalia rangi. Sikukaa kuona nani alishinda. Nilipanda boti nyingine, na sikuuliza tumbo lake.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti moja iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wa Goma wakitazama toka ufukweni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na wengi walikufa. Yule fundi sikumwona tena.

Alikuwa amenipa msumari mmoja toka kopo lake la wafu. Ninao hata sasa nyumbani. Kichwa chake ni kizima kabisa, ungekiona toka nje ungesema ni cha mwaka jana. Ncha yake pia nzima. Katikati, pale ubao ulipokutana na ubao, umekuwa mwembamba kama sindano ya kushonea gunia.