Namna dawa ya malaria inavyoangamiza kimelea

KATIKA kaunti za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, malaria huwasumbua wakazi mwaka mzima. Unyunyiziaji wa dawa ya mbu majumbani ulifanyika Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka 2018, nayo chanjo ya malaria ikazinduliwa nchini huko Homa Bay mnamo Septemba 2019.

Hata hivyo, anayeugua malaria isiyo kali hutegemea zaidi vidonge vya AL, mseto wa artemetha na lumefantrini, ambao ulianza kutumika Kenya kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Artemetha ni ya jamii ya artemisinini, na nguvu yake imo katika kuharibu protini.

Ndani ya chembe nyekundu ya damu, kimelea hula himoglobini. Mabaki yenye madini ya chuma ndiyo huiamsha dawa, nayo huharibu protini nyingi za kimelea kwa pamoja. Kwa kawaida, seli hutia protini mbovu alama iitwayo ubikwitini, kisha huzikatakata katika mtambo wake mdogo, protiasomu. Ugunduzi wa kazi ya alama hiyo uliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, akiwemo Leann Tilley, walionyesha kwamba artemisinini hukwamisha pia mtambo huo. Protini mbovu hurundikana, seli hulemewa, na kimelea hufa.

Lakini kimelea chenye mabadiliko katika jeni ya kelch13 hula himoglobini kidogo kikiwa kichanga. Dawa haiamki ipasavyo, nacho huponea chupuchupu. Usugu wa namna hiyo uliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na kaskazini mwa Uganda, jirani wetu ng'ambo ya ziwa, mwaka 2021.

Hapo ndipo umuhimu wa kumaliza dozi unapoonekana. Artemetha huisha mwilini kwa saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ili kuvimaliza vimelea vilivyosalia. Anayeacha dawa siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka huvipa vimelea hivyo nafasi ya kuzaana tena. Vidonge humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula, hata mgonjwa akijihisi amepona.