Kabla Uulize Mfumo Upi Ni Mkali, Uliza Ni Wa Nani

Watu wakilinganisha Moodle, Blackboard na Google Classroom, maswali huwa yale yale: gani ni rahisi, gani inapendeza, gani haikwami ukituma asaimenti saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Sawa tu. Lakini ukicheki historia, kuna swali lingine ambalo limewachoma walimu na wanafunzi zaidi: hii nyumba ni ya nani?

Tuanzie Kanada. Katikati ya miaka ya 1990, Murray Goldberg, mwalimu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha British Columbia, alitengeneza WebCT. Vyuo viliipenda sana. Kisha 1997 Blackboard ikazaliwa Marekani, na 2006 ikainunua WebCT. Baada ya muda jina la WebCT likapotea. Vyuo vilivyokuwa vimejenga kozi humo vikabaki na mambo mawili: kumfuata landilodi mpya ama kuhama na mizigo yote.

Haikuishia hapo. Mwaka huo huo Blackboard ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, na ikaishtaki kampuni pinzani, Desire2Learn. Mwaka wa 2008 ikashinda dola milioni 3.1. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaamua hataza hiyo haina nguvu.

Sasa njoo kwa Martin Dougiamas. Huyu alikulia jangwani Australia Magharibi, mbali na mji, na masomo yalimfikia kwa redio. Baadaye akawa msimamizi wa WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin, na hakuridhika nayo. Mwaka wa 2002 akatoa Moodle, bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuibadilisha. Chuo kinaiweka kwenye seva yake chenyewe, ndio maana utaipata katika vyuo vingi hapa Kenya. Lakini tusidanganyane: seva inalipiwa, na bila fundi wa kuitunza, siku ya mtihani mtalia.

Google Classroom ilikuja 2014 na kuondoa hiyo stresi. Shule hailipi, haihitaji seva, na mwalimu anafungua darasa kwa dakika chache. Ila nyumba ni ya Google, na sheria za nyumba pia.

Halafu Machi 2020 shule zikafungwa Kenya. Mwenye simu nzuri na bando aliendelea na masomo mtandaoni. Wengine walitegemea vipindi vya KICD kwenye redio na runinga, karibu vile Dougiamas alisoma akiwa mtoto. Na kuna wale hawakupata chochote mpaka shule zilipofunguliwa. Kwao, kubishana gani ni kali kati ya Moodle na Classroom ni kama kubishana kuhusu rangi ya matatu ambayo haipiti mtaani kwenu.

Kwa hivyo, shule yako ikileta mfumo mpya, usishangilie tu muonekano. Uliza mambo matatu. Tukihama, tutatoka na kazi zetu? Bando ikiisha, naweza kusoma nilichopakua? Na mwenye mfumo akibadilisha bei ama sheria, sisi tuna usemi gani?

Mfumo ukifeli hayo matatu, hata uwe unang'aa vipi, wewe ni mpangaji tu.