SerenityOS

SerenityOS ni mfumo endeshi huria wa kompyuta unaotengenezwa na watu wanaojitolea. Sura yake ni ya kompyuta za mezani za miaka ya 1990, na utendaji wake wa ndani unafuata mifumo ya aina ya Unix. Ulianzishwa mwaka 2018 na Andreas Kling, mwanaprogramu kutoka Uswidi. Umeandikwa hasa kwa lugha ya C++ na hutolewa chini ya leseni ya BSD.

Historia

Kling, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni za Nokia na Apple, alianza mradi huu baada ya kumaliza matibabu ya uraibu wa dawa za kulevya. Alihitaji shughuli ya kujaza muda wake, akachagua kuandika programu. Jina la mfumo linatokana na Sala ya Utulivu, ambayo hutumiwa sana katika vikundi vya watu wanaoacha ulevi. Alionyesha kazi yake kwa video kwenye YouTube, na wanaprogramu wengine wakajiunga naye. Mwaka 2021 aliacha ajira ili kuushughulikia mradi muda wote kwa kutegemea michango.

Muundo

Badala ya kukusanya programu zilizokwisha kutengenezwa na wengine, wanamradi huandika karibu kila kitu wenyewe: kiini cha mfumo, maktaba za programu, madirisha, kihariri cha maandishi na kivinjari. Madirisha yana kingo za kijivu, aikoni ndogo na menyu zinazofanana na za Windows ya zamani.

Michezo

Mfumo huja na michezo midogo, ikiwemo Solitaire, Spider na Hearts ya karata, sataranji, Minesweeper, Snake na 2048. Michezo hiyo pia hupima uwezo wa mfumo. Ile ya karata hutumia maktaba moja ya pamoja, hivyo kosa likirekebishwa humo, yote hufaidika. Katika sataranji, ubao na programu inayofikiria hatua ni vitu viwili tofauti vinavyowasiliana. Michezo ya nje kama Doom na Quake imehamishiwa humo pia.

Kuujaribu

Mradi hautoi faili iliyo tayari kusakinishwa. Anayetaka kuujaribu hupakua msimbo chanzo na kuujenga mwenyewe kwenye Linux, macOS, au Windows kupitia WSL. Kwanza hujengwa kompaila, kisha mfumo wenyewe, na kazi hiyo huchukua muda. Baadaye mfumo hufunguliwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, bila kugusa data za mtumiaji. Kuuendesha moja kwa moja kwenye kompyuta halisi ni kugumu zaidi, kwa kuwa vifaa vingi havitambuliwi. Kwa sababu hiyo haufai kuwa mfumo wa kazi za kila siku, bali ni wa kujifunzia na kujiburudisha.

Ladybird

Kivinjari cha SerenityOS kilikua na kuwa mradi uitwao Ladybird. Mwezi Juni 2024 miradi hiyo miwili ilitenganishwa, na Kling akaacha uongozi wa SerenityOS ili kushughulikia kivinjari. SerenityOS inaendelezwa na wanaprogramu wengine waliojiunga naye.