Suruali za Madereva wa London

Siku hizi kampuni nyingi zenye lifti na kiyoyozi zina "siku ya afya". Wafanyakazi wanapanga foleni, wanapimwa uzito, sukari na presha, halafu mtaalamu anawahubiria habari za mboga za majani. Nimehudhuria kadhaa, nyingine kama mwandishi, nyingine kama mtuhumiwa wa kitambi. Moja siisahau: baada ya somo la madhara ya sukari tuligawiwa soda na sambusa, kisha tukarudi kukaa vitini mpaka saa kumi na moja jioni. Sasa haya mambo yametoka wapi?

Turudi nyuma, London mwaka 1949. Daktari Jerry Morris alikuwa anatafuta kwa nini ugonjwa wa moyo unazidi kuua wanaume. Akatazama mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa karibu zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Watu wa tabaka moja, basi moja, tofauti ni kiti. (Nyie wa daladala picha mnayo.) Matokeo yakatoka mwaka 1953 katika jarida la Lancet: makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, hawakufa kwa wingi ule.

Ila kilichonifurahisha zaidi kilikuja mwaka 1956. Morris na wenzake walikwenda kwenye kumbukumbu za sare wakaangalia saizi za suruali. Viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makonda, hata kwa vijana. Maana yake ni kwamba huenda wenye miili mikubwa walikuwa wanaishia kwenye usukani tangu mwanzo, kwa hiyo huwezi kukitupia kiti lawama zote. Mtu anatafuta mwenyewe ushahidi wa kuitikisa hoja yake! Wanasiasa wetu wangekuwa hivyo...

Baadaye habari ikahamia Marekani, na huko ikageuka hesabu ya fedha. Kule waajiri wengi ndio wanaolipia bima ya afya ya wafanyakazi, hivyo mfanyakazi mgonjwa ni gharama. Mwaka 1979 kampuni ya Johnson & Johnson ilianzisha mpango wake wa Live for Life: mazoezi, lishe, kupunguza uzito, kuacha sigara. Wengine wakafuata, na kazi ya kuwafundisha wafanyakazi kuishi vizuri ikawa biashara nzima.

Japani wao walikwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2008, watu wa miaka 40 hadi 74 wanapimwa kiuno kupitia mifuko ya bima, ikiwamo ya makazini. Mpaka ni sentimeta 85 kwa mwanaume na 90 kwa mwanamke. Ukipita hapo, na sukari, presha au mafuta ya damu yakiwa na kasoro, unaitwa upewe ushauri. Huku nje ilivuma kwamba Japani inawatoza faini wanene. Si kweli, shinikizo la fedha liko kwa mifuko ya bima. Lakini futi inazungushwa kiunoni kwako, si kwenye ratiba ya bosi wako.

Je, inasaidia? Ukimsimamia mtu kwa karibu, ndiyo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito na kutembea kulipunguza kwa asilimia 58 idadi ya waliopata kisukari, miongoni mwa watu waliokuwa ukingoni. Ila kila mmoja alikuwa na mwalimu wake. Mpango wa kawaida wa kazini ulijaribiwa kwenye kampuni ya maduka ya huko huko, yenye wafanyakazi karibu 33,000. Ripoti ya mwaka 2019 inasema baada ya miezi 18 waliopewa mpango walijieleza kwamba wanafanya mazoezi zaidi. Mizani, presha na kolesteroli havikuonyesha tofauti ya maana.

Mimi sishangai. Konda wa London hakuhudhuria semina yoyote. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi yake, na alilipwa kuzipanda. Sisi tunaambiwa tutafute ngazi zetu saa moja usiku, baada ya foleni ya magari.

Desemba 2005 London iliyaondoa mabasi ya Routemaster kwenye njia za kawaida, na makonda wake wakaondoka nayo. Mwendokasi wetu wa Dar ulipoanza mwaka 2016, tiketi zilikuwa zinakatwa kituoni. Dereva bado amekaa.