Fahari na Tanzia katika Filamu ya Mughal-e-Azam

Filamu ya Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini India mwaka wa 1960, aghalabu husifiwa kwa fahari yake. Sifa hiyo husahau kwamba fahari yenyewe ni sehemu ya maudhui. Kisa cha Anarkali, mcheza densi wa kasri aliyependwa na Mwanamfalme Salim, hakina uthibitisho wa kihistoria. Salim, aliyetawala baadaye kwa jina la Jahangir, hamtaji katika kumbukumbu zake. Katika tamthilia ya Imtiaz Ali Taj ya mwaka wa 1922, Anarkali anazikwa ukutani angali hai. Asif aliubadili mwisho huo: Mfalme Akbar, akibanwa na ahadi aliyompa mamake Anarkali, anamwachilia kwa siri, naye Salim anaachwa akiamini kuwa mpenziwe amekufa. Uhai unaokolewa, penzi linauawa.

Hapa ndipo Jumba la Vioo linapopata maana. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, lakini wimbo wa jumba hilo, uliotungiwa muziki na Naushad na kuimbwa na Lata Mangeshkar, una rangi kamili. Anarkali anapotangaza penzi lake bila hofu mbele ya Akbar, taswira yake inaenea katika vioo vya dari. Vioo vilivyowekwa kumtukuza mfalme vinamwonyesha aliyemwasi. Enzi iliweza kumficha Anarkali. Haikuweza kuzificha taswira zake. Tanzia hii, basi, si ya wapenzi peke yao, bali pia ya mtawala ambaye huruma yake haiwezi kutendwa hadharani.