Kuongezwa Njia: Desturi Ilivyoanza na Ilivyopungua

Leo tunazungumzia jambo ambalo akina mama huambiana kwa sauti ya chini: kuongezwa njia wakati wa kujifungua. Wako wanaoogopa kwenda hospitali kwa sababu ya makasi haya. Basi tuulize, yalitoka wapi?

Mwaka wa 1742, daktari mmoja wa Dublin, Ireland, jina lake Fielding Ould, aliandika kitabu cha ukunga. Alishauri msamba ukatwe pale tu ambapo njia imebana na kichwa cha mtoto kimekwama. Ilikuwa dawa ya shida, si ya kila mama.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1920. Joseph DeLee, daktari maarufu wa Chicago, Marekani, alipendekeza mama akatwe mapema, hata kama hana tatizo. Alisema mkato ulionyooka hushoneka vizuri kuliko mchaniko, na kwamba huzuia kizazi kulegea baadaye. Maneno hayo yalikubalika, ingawa hayakuwa yamepimwa. Wanawake walipozidi kujifungulia hospitalini, kukatwa kukawa desturi, na wakunga wakafundishwa hivyo, hasa kwa mimba ya kwanza.

Upimaji ulichelewa sana. Huko Reading, Uingereza, wanawake 1,000 walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka wa 1984. Kisha Argentina, mwaka wa 1993, ikatoa matokeo ya wanawake 2,606 katika hospitali 8 za umma. Kundi moja walikatwa kwa desturi, wapatao 83 katika kila 100. Kundi la pili walikatwa kwa sababu maalum tu, wapatao 30 katika kila 100. Je, hao wa pili walichanika vibaya zaidi, hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa? La. Idadi ilikaribiana: 1.5 kwa kila 100 waliokatwa kwa desturi, na 1.2 kwa wenzao. Tena waliokatwa kidogo walikuwa na maumivu machache, na vidonda vyao havikufumuka sana.

Muuza vitambaa angeweza kutuambia mapema. Akitaka kurarua kitambaa, huanza kwa kukikata kidogo ukingoni.

Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya desturi hii mwaka wa 1996, na mwaka wa 2018 likasema wazi kwamba kumkata kila mama hakupendekezwi. Lakini makasi hayajatupwa. Mapigo ya moyo wa mtoto yakidhoofika naye yu karibu kutoka, au ikibidi avutwe kwa chombo, mkato unaweza kumwokoa.

Kwa hiyo mama, ukiwa kliniki, muulize muuguzi wako: hapa mnakata lini? Una haki ya kuelezwa na kukubali kwanza, na kudungwa sindano ya ganzi kabla ya kukatwa na kabla ya kushonwa. Mwombe pia kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba unaposukuma. Hupunguza kuchanika vibaya.

Ukisharudi nyumbani, ukipata homa, usaha, harufu mbaya, au choo na mkojo vikikutoka bila kujizuia, usione haya. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.